Hoja za Alhamisi

Mimi ni kinyozi, na kanisani kwetu ndimi mlezi wa vijana. Kazi hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Mchungaji aligundua kwamba vijana wanaokaa kimya kwenye kipindi chao cha Jumapili, ambao wakiulizwa swali wanaangalia viatu, ndio hao hao wanaokuja kwangu Jumamosi na kuongea mpaka mashine inapata moto. Akaniuliza huwa nawafanyaje. Nikamwambia siwafanyi kitu, nawanyoa tu.

Lakini najua ninachofanya, na sioni sababu ya kujishusha. Kijana ukimkalisha uso kwa uso ukamwambia haya, nieleze, umeshampoteza. Mkalishe kwenye kiti changu, mfunge shuka shingoni, simama nyuma yake, wote muangalie kioo. Hapo hamuangaliani ninyi. Mnawaangalia wale wawili waliomo ndani ya kioo, na wale hawaoneani haya. Halafu hakikisha una kazi mikononi, maana mtu mzima asiye na kazi mikononi anatisha. Nanyoa polepole, siulizi kitu, na nikifika nyuma ya sikio la pili maneno huwa yameshaanza kutoka yenyewe.

Wazazi nao wakashtuka. Baba mmoja, fundi bomba, alikuja kunyolewa mara mbili ndani ya wiki moja ili aniulize mwanawe alisema nini, na nywele alizokuwa nazo hazikutosha hata ile mara ya kwanza. Ndipo nikaomba nafasi kwenye kikao cha wazazi nikaweka kanuni. Kijana akiniambia jambo, haliendi kwa mzazi bila ruhusa yake, isipokuwa pale ninapoona mtu anaweza kuumia. Hapo nitasema, na sitamuomba mtu ruhusa. Wazazi walinung'unika. Aliyepiga makofi, tena kwa nguvu mpaka wengine wakaona aibu wakamfuata, alikuwa mke wangu.

Mke wangu anaitwa Mama Maombi, na jina hilo hakupewa kwa utani. Ndiye kiongozi wa maombi ya akina mama ya kila Alhamisi. Wanakaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, kila mmoja anataja hoja yake ya maombi, kisha wanainamisha vichwa na kuibeba hoja hiyo mpaka kuta zinatetemeka. Wamewabeba wagonjwa, wafiwa na waliofukuzwa kazi, na sitaki mtu awacheke mbele yangu. Mimi nawacheka kwa sababu nimeoa huko.

Tatizo la mke wangu ni kwamba hajui tofauti kati ya jambo aliloambiwa na hoja. Ukimwambia tumbo linauma, anakupa dawa, na Alhamisi tumbo lako linatajwa kwa jina la mwenye nalo. Binti yetu amekulia ndani ya hoja hizo. Tunamwita Wakili, kwa sababu ya ubishi alioanza nao kabla hata meno hayajatimia. Alipotoka chunusi, chunusi zilitajwa. Aliposhindwa hesabu, muuza mboga, mmoja wa wale akina mama, alimsimamisha njiani na kumuuliza, kwa sauti ya msibani, kama milinganyo bado inamsumbua. Kisha siku moja alighafilika, akamwambia mama yake kuna mvulana kwenye kwaya ana sauti nzuri. Jumapili iliyofuata benchi zima la akina mama lilimkazia macho yule mvulana kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka za mwisho. Mtoto wa watu alishindwa kuimba. Baadaye akaacha kwaya, na sasa nasikia anasali na wajomba zake mtaa mwingine.

Tangu hapo Wakili akafunga duka. Shule vipi? Nzuri. Umekula? Nimekula. Mke wangu akawa analalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana maneno, simu zimewamaliza. Nilishawahi kumwambia, kwa upole kabisa, asiyatoe nje mambo ya mtoto. Alikubali, akanishukuru, na Alhamisi akaomba aombewe ulimi wake, akieleza kwa mifano ni wapi ulikosea.

Sasa basi. Jumamosi moja Wakili alikuja dukani kwangu. Nywele zake ni fupi za shule, na huwa namnyoa nyumbani bure, kwenye kiti cha jikoni. Safari hii alikaa kwenye benchi nyuma ya wateja wawili, akasubiri zamu yake, akapanda kitini. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue kuja mpaka huku.

"Nyumbani yupo baba," akasema. "Mimi nimekuja kwa mlezi wa vijana."

Nilicheka, ila yeye hakucheka. Aliniuliza kama ile kanuni inamhusu na yeye, au ni ya watoto wa wenzangu tu. Nikasema inamhusu. Akataka niitamke yote, pamoja na ile sehemu ya hatari, ili baadaye tusije tukasumbuana. Nikaitamka. Nikamfunga shuka, nikawasha mashine, nikaanza na kisogo.

Wakati huo kipaimara kilikuwa kimekaribia. Wakili na wenzake walikuwa wamemaliza mafundisho, na mke wangu alishamshonea gauni jeupe ambalo lilikuwa linaning'inia chumbani ndani ya mfuko wa nailoni, na kila mgeni aliyekuja alipelekwa kulitazama. Kilichobaki ni mtoto kusimama mbele ya madhabahu na kusema naamini.

"Nikiomba, naona naongea peke yangu," Wakili alimwambia yule mtu wa kwenye kioo. "Simkatai Mungu, baba. Sijui tu kama kuna anayesikia. Sasa nikisimama pale niseme naamini, si nitakuwa nalidanganya kanisa zima?"

Hilo lilinichoma. Lililofuata lilinichoma zaidi. Alisema mtu anayetamani kumuuliza ni mama yake, kwa sababu hajaona mtu anayejua kuomba kama yeye. Angependa amuulize anafanyaje, anasikia nini, ilianzaje. Lakini akimuuliza leo, Alhamisi atakuwa hoja, na Jumapili muuza mboga atamshika mkono. Ni afadhali aseme uongo madhabahuni, akasema, kuliko kushikwa mkono.

Nilitaka kuzima mashine na kumkumbatia. Pia, kwa kuwa mimi ni binadamu, nilijiuliza watu watanionaje, mlezi wa vijana ambaye mtoto wake mwenyewe hajui kama Mungu yupo. Nikiwa katikati ya mawazo hayo mawili nilisahau mkono. Mashine ilikuwa imesimama mahali pamoja kwenye kisogo cha mtoto, imemchimba shimo ambalo hakuna fundi angelificha. Ikabidi nimnyoe upara.

Wakili alijiangalia, akaangalia na kisogo kwa kioo kidogo. Akasema alikuja na shida moja, anaondoka nazo mbili.

Mke wangu aliposhusha macho kwenye kile kichwa alikaa chini. Akaniuliza kwa nini nimemnyoa mtoto upara na kipaimara ndicho hicho kinakuja. Nikasema mashine iliteleza. Akasema tangu nimuoe mashine haijawahi kuteleza, hata siku ile ya tetemeko. Akaniangalia, akageuka amwangalie Wakili, ambaye alikuwa ameshaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nikajua nimekwisha.

Kwanza alinijia kwa wema. Maji ya kuoga yalikuwa tayari kabla sijavua viatu, mashati yalipigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Nilikula, nikaoga, nikanyamaza. Ndipo akahamia kwenye sala ya chakula. Alifumba macho, akainua mikono, akamkumbusha Mungu kwamba yeye anayaona hata yale ambayo baba mwenye nyumba hii ameyafungia moyoni na hataki kumwambia mke aliyepewa naye. Aliendelea hivyo mpaka mchuzi ukaganda. Wakili alijaribu kusema amina mara mbili kabla ya mwisho, haikusaidia.

Mwishoni nikamwambia waziwazi. Ndiyo, mtoto aliongea na mimi. Hapana, hayuko hatarini, si mgonjwa, hana mimba. Mengine siwezi kusema, kanuni ni kanuni, na yeye mwenyewe aliipigia makofi.

"Nilipiga makofi kwa ajili ya watoto wa watu," akasema.

Alhamisi ikafika. Mke wangu aliniapia baadaye kwamba siku hiyo alijitahidi sana. Hakumtaja mtoto hata kidogo, na alirudi nyumbani akijisifu kwa usiri wake. Aliwaambia wenzake tu kwamba wamuombee mume wake, ana jambo zito moyoni ambalo hawezi kumwambia mkewe, na limeanza hivi karibuni, na limemfanya hata kazini mkono utetemeke.

Unaweza kufikiria mwenyewe walisikia nini.

Kesho yake duka lilijaa. Walikuja waume ambao sijawahi kuwanyoa, wote wametumwa na wake zao, wote na nywele ambazo hazijakua. Fundi bomba alikaa kitini, akaniangalia kwenye kioo kwa muda, akasema, ndugu yangu, sisi sote ni binadamu. Nikasema ni kweli, nikaendelea kunyoa. Mshona mapazia, ambaye ndiye msaidizi wa mke wangu kwenye maombi, alisimama mlangoni akakagua kama kuna mteja wa kike. Akamkuta bibi mmoja mzee sana aliyemleta mjukuu wake, akamkagua hata yeye.

Kisha akaingia mchungaji. Mchungaji wetu ana upara wa kuzaliwa nao, yaani sijui kama amewahi kushika kitana. Akapanda kitini, akajifunika shuka mwenyewe. Nikamuuliza ninyoe nini. Akasema zungusha zungusha tu, mwanangu. Nikawasha mashine nikawa naipitisha hewani juu ya kichwa chake, huku mzee wa watu akinitazama kwenye kioo, hasemi kitu, ananisubiri. Ndipo nikagundua kwamba ananifanyia mbinu yangu mwenyewe.

Alipoona sianzi, akaniuliza kwa huruma ni nani huyo mwanamke.

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia hakuna mwanamke, kuna siri ya mtu niliyopewa kama mlezi, na yeye ndiye aliyenipa ulezi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema wote huwa wanaanza kwa kusema hakuna mwanamke. Akashuka, akanilipa, nikampa chenji yake yote kwa sababu sikunyoa kitu.

Jioni nilimfuata Wakili uani, anaanua nguo. Nikamuomba, kama mlezi, aniruhusu nimwambie mama yake hata nusu, maana kanuni yangu inaelekea kunivunjia ndoa. Alifikiri, akakunja shuka moja vizuri, pembe kwa pembe. Akasema niruhusiwe kusema jambo moja tu, kwamba atamwambia mama mwenyewe, kwa sharti. Mama akisikia jambo baya huwa anafumba macho na kuanza kuomba papo hapo, kabla mtu hajafika nusu. Safari hii asikilize akiwa amefumbua macho. Akifumba, Wakili anaondoka, na hataongea tena.

Nililibeba sharti hilo moyoni nikitafuta pa kulitua. Sikulazimika kutafuta sana. Siku iliyofuata, nikiwa nafagia nywele, mke wangu aliingia dukani, akamsubiri mteja wa mwisho atoke, akashusha pazia la mlango, akapanda kitini.

"Nimekuja kwa mlezi," akasema. "Mimi ni mzazi."

Nikamfunga shuka. Sikuwa na cha kunyoa, kwa hiyo nikachukua brashi nikawa nampangusa mabega yasiyo na nywele. Alikuwa anachemka. Alisema tangu asubuhi hajapita njia bila kukumbatiwa. Mshona mapazia amemletea sukari na kumwambia ajikaze, hata yeye aliyapitia, mwanaume hurudi. Mwingine amemletea unga. Alisema aliwaambia jambo moja dogo la kuombewa, na sasa limemrudia likiwa na nyumba ndogo na watoto mapacha. Nusu ya wale wanawake hawamwangalii usoni na nusu nyingine haiachi kumwangalia. Nilimpangusa bega la kushoto, nikahamia la kulia.

"Muuza mboga kanishika mkono," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Kanishika, hataki kuachia, watu wanapita. Nilitamani nizame." Akaangalia kioo. "Wakili amewahi kushikwa hivi?"

"Mara nyingi," nikasema.

Mke wangu si mtu wa kulia ovyo, na hakulia. Alishusha tu pumzi mpaka shuka likanywea. Kisha akaniambia hataki kujua mtoto alisema nini, anataka nimwambie cha kufanya. Nikampa lile sharti kama nilivyopewa. Akakataa katakata. Akasema yeye hafumbi macho watu wanapoongea naye, hiyo ni hadithi, nani kamuona? Alisema hayo yote akiwa ameyafumba.

Nikampigia Wakili simu. Akaja na kitambaa kichwani, akamkuta mama yake amefungwa shuka mpaka shingoni, mikono imo ndani, hawezi kuiinua hata angetaka. Nadhani hilo lilimpa moyo. Alikuja akasimama nyuma ya kiti, mahali pangu, akaninyang'anya brashi, akaanza kumpangusa mama yake mabega yale yale. Kisha akamwambia yule mama wa kwenye kioo kila kitu, kama alivyoniambia mimi, tena kwa maneno bora, maana alikuwa ameyalalia siku nyingi. Alisema kuhusu kuongea peke yake. Alisema kuhusu madhabahu na uongo. Alisema hataki kipaimara mwaka huu, na kwamba anajua gauni lilivyoshonwa.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu kama ile aliyoifanya mke wangu pale kitini. Macho yalimtoka. Kope zilianza kushuka, akazipandisha, zikashuka, akazipandisha. Midomo ilikuwa tayari inasogea, akaing'ata. Machozi yalimjaa yakamwagika, naye hakuweza kuyafuta kwa sababu ya shuka, akayaacha yateremke mpaka kidevuni. Wakili alimaliza, akabaki ameshika brashi hewani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kwenye taulo, nakunja ile ile moja mara ya tatu, kwa sababu nilijua neno lake la kwanza ndilo litakaloamua kama mtoto huyu atamwambia tena mama yake jambo lolote katika maisha haya.

"Gauni halitaoza," mke wangu akasema.

Wakili alishusha brashi.

"Na mimi pia," mke wangu akasema.

"Na wewe nini?"

"Tangu bibi yako atutoke. Naongoza vizuri, maneno yote yanakuja, wenzangu wanalia. Mimi naona naongea na dari."

Kusema kweli niliumia. Nalala pembeni ya mwanamke huyu, nasikia anavyogeuka usiku, najua goti lipi linamsumbua mvua ikitaka kunyesha, na hilo sikuwa nalijua. Wakili alimuuliza alishawahi kumwambia nani.

"Ningemwambia nani?" mama yake akasema. "Kule? Ningekuwa hoja."

Wakili ndiye aliyeanza. Alicheka kwa pua kwanza, akijizuia, kisha akashindwa, akashika mgongo wa kiti. Mama yake akamfuata, amefungwa mle ndani ya shuka anatikisika, anasema nifungueni, nifungueni, na hakuna aliyeweza kumfungua. Wakapata utulivu. Wakacheka tena kidogo, kwa mabaki.

Halafu Wakili akauliza lile swali alilokuwa nalo tangu mwanzo. Alimuuliza mama yake, sasa siku hizo za dari huwa anafanyaje.

Mke wangu alisukuma sakafu kwa mguu, kiti kikazunguka, akawa anamtazama binti yake mwenyewe, si wa kwenye kioo. Alifungua mdomo aanze kujibu. Akasita. Wote wawili wakageuka wakaniangalia mimi.

"Baba," Wakili akasema, "tunaomba utupishe."

Niliwakumbusha kwamba hili ni duka langu. Nikawakumbusha kwamba mimi ni mlezi wa vijana, na kwamba kati ya watu walioko chumbani mimi ndiye niliyeenda semina. Nikamkumbusha mke wangu kwamba mimi ni mume wake na ningependa kujua jibu kama mtu mwingine yeyote. Walinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, na hakuna aliyesogea.

Nikatoka, nikavuta mlango, nikakaa kwenye benchi la nje. Kwa ndani nilisikia sauti ya mke wangu, ya chini, si ile ya Alhamisi, halafu ya Wakili inauliza kitu, halafu ya mke wangu tena. Maneno sikuyapata, ingawa sitadanganya kwamba sikujaribu.

Akaja mteja, mgeni, nywele zimemjaa kweli kweli, wa kwanza wa aina hiyo tangu Alhamisi ile. Akauliza kama duka limefungwa. Nikamwambia limefunguliwa, ila ndani kuna watu wanaongea. Akauliza kama watachukua muda mrefu.

"Natumaini," nikamwambia, nikamsogezea nafasi akae.